Sauti Dirishani

Kundi lao la muziki wa kufokafoka lilivunjika baada ya kurekodi kanda moja tu, na Timofei akarudi kiwandani. Siku moja, akiwa kwenye foleni ya mkate katika mji wao wa Kisovieti, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka dirishani ghorofani, ikikwaruza kwa jinsi kanda ilivyonakiliwa mara nyingi mno. Miguu ikamwasha. Akaanza kufoka sambamba nayo, mikono hewani.

“Hebu nyamaza, kijana!” bibi mmoja akamkemea. “Tunawasikiliza waimbaji wenyewe.”

“Bibi, huyo ni mimi!”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Timofei akachomoka, akapanda ngazi mbiombio kumtafuta aliyeitunza kanda ile, akigonga kila mlango, huku wimbo ukiingia ubeti wa mwisho.