Ndoo Chini ya Mwenye Nyumba

Fundi wa bwawa la kuogelea alikuwa amepiga magoti ukingoni akisugua kuta. Maji yalikuwa ya kijani kizito hata kichwa cha brashi hakikuonekana. Nyuma yake alisikia mfuniko ukibanwa.

Mwenye nyumba alikuwa ameketi juu ya ndoo ya klorini, kikombe cha chai mkononi.

"Nimekupunguzia kazi, fundi. Klorini yangu ya vidonge ilikuwa inakaa bure stoo. Nimeiponda, nikaimwaga yote humu, nikakoroga."

"Umeichanganya na yangu ya unga, mzee?"

"Kwani si klorini zote? Au yako ina shahada?" Akacheka peke yake.

Aina hizo mbili husafisha maji yaleyale, lakini hazichanganywi ndani ya chombo kimoja, hasa penye unyevu: hutoa joto na gesi.

"Ulikorogea nini?"

"Mpini wa wavu wako, si huo hapo."

Mpini ulikuwa umelala kwenye vigae, bado unachuruzika maji ya bwawa.

"Ila kiti chako kitamu, fundi. Kina joto. Mgongo umeanza kuachia."

Ubavu wa ndoo, uliokuwa umenyooka asubuhi, ulikuwa umevimba. Mlango wa jikoni ukafunguka. Mjukuu wa mzee alitoka na kikombe cha fundi, akitembea taratibu asimwage chai, macho kwenye kikombe.

Fundi aliitupa brashi.

"Mzee, kimbia!" alipiga kelele, na mwenyewe akamkimbilia mtoto.