Kikohozi Ndani ya Kaseti

Muthoki alibonyeza kitufe cha redio, kaseti ikasimama. Alikuwa amemsikia mumewe akikohoa ndani yake.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, nyumbani kwao Nunguni. Kaseti ilikuwa na nyimbo za santuri moja ya zamani iliyosimulia hadithi moja, safari ya mtu kutoka Kitui hadi Mombasa, wimbo ukishika wimbo bila kupumzika. Sasa santuri hiyo ilikuwa imetolewa upya kwa kaseti, sauti imesafishwa hadi vidole vilisikika vikiteleza kwenye nyuzi.

Mumewe, mhubiri, aliwahi kuichoma santuri hiyo mbele ya kanisa. Alisema ni muziki wa shetani, na kwamba yeye hajawahi kushika gitaa maishani.

Muthoki alirudisha nyuma kidogo. Gitaa lilinyamaza, mtu akakohoa mara mbili, kisha akavuta pumzi kwa mluzi mwembamba wa puani. Muthoki alikuwa amelala kando ya pumzi hiyo kwa miaka kumi na tano.

Mlango ulifunguliwa. Mumewe aliingia, akaitazama redio kabla ya kumtazama yeye.

"Umetoa wapi hii kitu?"

"Ndugu yangu ameinunua Mukuyuni. Baba Ndolo, huyu anayekohoa ni nani?"

"Watu wote hukohoa, Mama Ndolo."

Alijibu haraka mno. Kisha akaketi, bado ameshika Biblia, jasho likimtoka juu ya mdomo.

"Na upande wa pili," akauliza polepole, "umesikiza?"

"Bado," Muthoki akasema, akaigeuza kaseti.