Picha Mbili za Kichwa cha Mize

Daktari wa sindano alipasha viganja vyake moto kwa pumzi kabla ya kumgusa Mize kichwani, na wema huo mdogo ulimliza. Alirudi nyumbani na picha mbili za ubongo wake. Katika ya kwanza kipandauso kilikuwa kimewaka, chekundu kama makaa. Ya pili, iliyopigwa baada ya sindano, ilikuwa imetulia.

Mama mkwe wake, Bi Mashavu, aliyezoea kumwambia anasingizia kichwa ili akwepe kazi, aliziinua picha hizo kwenye mwanga wa dirisha. Mize alisubiri neno moja tu: pole.

"Hii nyekundu ni ya lini?"

"Kabla ya sindano, mama. Ndivyo kinavyouma."

"Na hii?"

"Baada. Ila daktari kasema kitarudi, nisikae kwenye moshi."

Bi Mashavu alimrudishia ile nyekundu. Ya pili akaichomeka ukutani, juu ya meko.

"Basi umepona, mwanangu. Kichwa chako hiki hapa, kizima. Siku ukisema kinauma, tutakuja kukitazama."

Mize alijifunga kanga kichwani, akaikaza. Akapiga magoti, akapuliza kuni, na moshi ukapanda taratibu mpaka kwenye picha.