Mkono Ulioshika Fimbo

Kila picha ilikuwa na fimbo ya kupimia. Mume wangu Mogaka alikuwa amerudi Toronto jana yake, baada ya miezi miwili ya kuchimbua magofu ya Dodona, kule Ugiriki. Alizitandaza picha zake mezani kwetu, mtaa wa Thorncliffe Park, chai yangu ikapoa.

"Hapa watu walikuja kumwuliza mungu wao siri za nyumbani," alisema. "Swali waliliandika kwenye kibati cha madini ya risasi, wakakikunja. Wengine waliuliza kama mtoto ni wao kweli."

Mimi mawe sikuyaona. Fimbo haijishiki yenyewe. Niliutazama mkono ulioishika: mwembamba, wa kike, kucha zimejaa udongo, na bangili ya shanga za buluu yenye ushanga mmoja wa kijani. Mama yangu ndiye aliyemtungia Mogaka bangili hiyo. Buluu zilimwishia, akamalizia na kijani.

"Bangili yako iko wapi?"

"Si nilikwambia kwenye simu? Ilikatika, ikapotelea shimoni. Sasa tazama ukuta huu."

Nilichana foili iliyofunika chapati zake, nikaandika swali moja kwa ncha ya kalamu, nikaikunja mara nne. Nikaiweka juu ya picha.

Akacheka. "Unamwuliza mungu?"

"Mungu hakuwapo. Wewe ulikuwapo."

Alinyoosha mkono kuichukua, akaiona picha iliyokuwa chini yake. Kicheko kikakatika. Foili hakuigusa. Kidole gumba chake kilisogea polepole, kikafunika ule ushanga wa kijani.