Shuka la Tatu

Mama dobi alikuwa anashindilia shuka la tatu kwenye begi binti yake alipomaliza kumsomea karatasi ya kulazwa hospitalini.

"Kandambili, mswaki, sabuni, gauni la kulalia. Basi."

"Na shuka?"

"Hawajataka shuka, mama."

"Geuza nyuma. Watu wale mambo yao huyaficha nyuma."

Binti akageuza. Nyuma palikuwa peupe.

Mama akaketi kitandani, kidole gumba kikipapasa upindo wa shuka. Miaka kumi na tisa iliyopita, alipokuwa dobi wa hospitali hiyohiyo, dada yake alilazwa pale juu ya godoro tupu la plastiki, kwa sababu aliyekuja bila shuka alilala bila shuka. Madobi walifua makoti ya wakubwa na mapazia ya ofisi zao. Akawaongoza wenzake, wakazima mashine siku sita, mpaka mganga mkuu akaapa kwamba kila kitanda kitatandikwa. Kisha akamfukuza kazi. Tangu hapo hakukanyaga tena pale, wala kiapo kile hakukiamini.

"Kumbe hatukuzima bure," akasema taratibu, uso ukimchanua.

Akatoa mashuka mawili, akampa binti. "Tandika hapa. Nikisharudi bila mawe yangu ya nyongo, nilale pazuri."

"Na hilo la tatu?"

"Hili naenda nalo, la kulinganishia weupe." Akafunga zipu. "Yao yakiwa na madoa, swichi ya mashine naijua ilipo."