Mvule wa Bondeni

Njia ya kwenda kwenye mvule ule, ndani kabisa ya msitu wa bondeni, Mwanahija alimwonyesha mchumba wake tu. Juu, katika tundu la mti huo, hondohondo jike alikuwa amejiziba kwa udongo pamoja na mayai yake, akilishwa na dume. Leo amefika naye, akakuta kisiki kinachovuja utomvu mweupe.

“Ni wewe, Kibwana?”

“Nilitaka kitanda chetu kiwe cha mvule. Sasa unamlilia ndege? Si ana mabawa huyo?”

“Akiatamia hunyonyoka manyoya ya mabawa, hawezi kuruka. Nilikwambia tulipokaa hapa.”

“Nilidhani unanisimulia tu.”

Dume akaja na tunda mdomoni. Akapigapiga mabawa hewani, pale palipokuwa na tundu, akitafuta pa kutua.