Nauli ya Mama Mkwe

Propela haijasimama sawasawa, mkaguzi huyo mlangoni mwa kindege. Rubani alishusha pumzi. Mgongo ulimuuma, tumbo lilikuwa tupu, na sasa huyu.

"Leseni yako ni ya kujirushia mwenyewe," mkaguzi alisema. "Ukipokea hata senti ya abiria, hiyo ni biashara, na leseni naondoka nayo."

"Abiria gani, bwana? Huyu ni mama mkwe wangu. Namtoa hospitali."

Ulikuwa ukweli, ingawa alikuwa amechoka hata kuusema. Kabla hawajaruka, mama mkwe alimsihi apokee chochote cha mafuta. Alikataa katakata mpaka mama akanyamaza. Akadhani yamekwisha.

Mkaguzi aliinama, akachungulia ndani. Mama alikuwa akihangaika na mkanda, plasta ya sindano ingali mkononi.

"Shikamoo, mama. Pole kwa kuugua. Eti, huyu amekubeba bure?"

Rubani alifumba macho kwa ahueni. Swali jepesi hilo.

Mama aliuacha mkanda, akajinyoosha kama mtu asiyewahi kuumwa. Tangu amwoze binti yake hajala cha mkwe bure, na hakuwa tayari kuanza leo mbele ya mgeni.

"Bure? Mimi? Mkwe ni mkwe, mwanangu, na nauli ni nauli. Nilimtilia mfukoni mwa koti alipoinama kunifunga huu mkanda. Mtazame!"

Rubani akajigusa ubavuni, pale palipomchoma njia nzima, akidhani ni ramani imejikunja.